Irving Berlin, malenga wa theluji na wa watu walio mbali na kwao

Ufikapo mwezi wa Desemba, televisheni hujaa sinema za theluji. Mapaa ya nyumba yamefunikwa kwa weupe, watoto wamevaa makoti mazito, baba aliyekuwa safarini yumo njiani, na kabla picha haijesha atabisha hodi. Hata huku kwetu Mombasa, ambako Desemba ni mwezi wa kaskazi na jasho, madukani hubandikwa pamba juu ya miti ya plastiki ipate kufanana na theluji. Wapo miongoni mwetu wanaouliza: baridi ina utamu gani hata watu wa jua wakae kuitazama? Na sisi Waislamu, ambao sikukuu hiyo si yetu, twaipendea nini?

Swali hili si la kupuuzwa, na mimi jawabu lake nimelipata katika maisha ya mtu mmoja. Huyo ni Irving Berlin, aliyetunga wimbo uitwao White Christmas, yaani Krismasi Nyeupe. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeianzisha theluji ya Krismasi, kwa kuwa karne moja kabla yake Charles Dickens wa Uingereza alikwisha kuwazoesha wasomaji wake Krismasi ya baridi na moto wa kuota, kwa hadithi yake ya mwaka 1843. Lakini aliyeichukua theluji hiyo akaitia katika santuri na sinema, ikaingia nyumba za watu wasiopata kuiona maishani mwao, ni Berlin. Na ajabu ni kwamba huyu bwana hakuwa Mkristo.

Alizaliwa tarehe 11 Mei, 1888, katika dola ya Urusi, akaitwa Israel Beilin. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na babake, Moses, alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Watoto walikuwa wanane, na yeye ndiye kitinda mimba. Zama hizo Mayahudi wa Urusi waliishi kwa hofu, kwani mara kwa mara mitaa yao ilivamiwa na kuchomwa moto. Alipokuwa mtu mzima, Berlin alisimulia kuwa hakubakiwa na kumbukumbu ya Urusi ila moja: amelazwa juu ya blanketi kando ya njia, na nyumba yao inateketea. Mwaka 1893 jamaa hao walivuka bahari, wakateremka New York, Marekani. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano.

Walikaa katika mtaa wa maskini upande wa mashariki ya New York, ambako wageni wa kila taifa walirundikana katika vyumba visivyo na hewa. Babake alifariki mwaka 1901. Kijana alikuwa na miaka 13, na aliona kwamba senti anazochuma kwa kuuza magazeti ni chache mno, naye akawa mzigo kwa mamake. Akatoka nyumbani. Alilala katika nyumba za kulala za bei ya chini, akaimba katika vilabu vya pombe na kuokota senti alizotupiwa, kisha akapata kazi ya mtumishi wa meza katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Wachina, akihudumia wateja huku akiwaimbia.

Humo ndimo alimotunga wimbo wake wa kwanza, mwaka 1907. Mapato yake hayakufika hata senti 40. Lakini jina lake lilichapishwa juu ya karatasi ya wimbo kuwa ni I. Berlin, na tangu hapo akalichukua. Mwaka 1911 alitoa Alexander's Ragtime Band, na yule chokoraa wa juzi akawa mtu wa kutajwa mji mzima.

Sisi tulio katika kazi ya tungo tutapendezwa na jambo hili: Berlin hakujua kusoma wala kuandika noti za muziki. Alipiga piano kwa kuzoea vibao vyeusi tu, akatengenezewa piano yenye mtaimbo chini yake, akiusukuma sauti hupanda au hushuka apendavyo bila ya yeye kubadilisha vidole. Wimbo aliutunga kichwani, akamwimbia karani wake, naye karani akaunakili. Malenga wetu wa zamani wengi walifanya vivyo hivyo, mmoja akighani na mwingine akishika kalamu. Kwa njia hii alitunga nyimbo zaidi ya elfu moja.

Mali aliipata, lakini dunia haikumwachia hivi hivi. Februari 1912 alimwoa Dorothy Goetz, wakaenda fungate Kuba. Bibi harusi alirudi na homa ya matumbo, na Julai ya mwaka huo huo akafariki. Berlin alimwombolezea kwa wimbo, na wimbo ukauzwa kwa mamia ya maelfu. Miaka 14 baadaye, Januari 1926, alimwoa Ellin Mackay, binti wa tajiri mkubwa wa New York na Mkatoliki. Baba wa binti hakuridhia mwanawe aolewe na Myahudi mwimba nyimbo, akamkana. Wakaoana vivyo hivyo, kila mmoja na dini yake, na ndoa yao ikadumu miaka 62, mpaka bibi alipofariki mwaka 1988.

Hapa ndipo Krismasi inapoingia katika maisha ya mtu huyu, nayo haikuingia kwa furaha. Tarehe 1 Desemba, 1928, walizaliwa mtoto wa kiume, wakampa jina la babake. Krismasi ya mwaka huo ilipofika, mtoto alifariki, hata mwezi hakuutimiza. Baada ya hapo walijaliwa mabinti wawili zaidi ya yule wa kwanza, nao kila mwaka waliwekewa mti, taa na zawadi kama watoto wengine wa Marekani. Binti mkubwa aliandika miaka mingi baadaye kwamba yeye na nduguze walipokuwa watu wazima ndipo walipojua siri: wazazi wao wote wawili hawakuipenda siku ile, wakiivumilia kwa ajili ya wanao.

Basi Januari 1940, mtu huyo alikwenda ofisini kwake akamtaka karani anakili wimbo mpya, na akajisifu mbele yake kwamba hakuna mtu aliyepata kutunga wimbo bora kuliko huo. Wimbo wenyewe ni mfupi. Hautaji kuzaliwa kwa Nabii Isa, hautaji kanisa wala sala. Ni mtu anayeota Krismasi nyeupe ya siku alizozijua zamani. Na ubeti wake wa kwanza, ambao siku hizi waimbaji wengi huuacha, unaeleza mtu huyo yuko wapi: yuko California, jua linawaka, majani ni ya kijani, na mbele yake kuna michungwa na mitende. Huyo si mtu aliyekaa penye theluji akaisifu. Ni mtu wa penye jua, mfano wetu sisi, akililia kitu kilicho mbali.

Bing Crosby aliuimba redioni siku ya Krismasi ya mwaka 1941. Zilikuwa zimepita siku 18 tu tangu Wajapani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani imo vitani. Tarehe 29 Mei, 1942 akaurekodi, kazi ambayo yasemekana ilichukua dakika 18, na Agosti ukatokea ndani ya sinema ya Holiday Inn, ambamo Crosby na Fred Astaire wanagombania mapenzi katika hoteli inayofunguliwa siku za sikukuu peke yake. Berlin mwenyewe alidhani wimbo mwingine wa sinema hiyo ndio utakaopendwa. Waliomsahihisha ni askari. Vijana waliokuwa katika visiwa vya Pasifiki na majangwa ya Afrika ya Kaskazini, wanaochomwa na jua na kuumwa na mbu, waliiandikia redio ya jeshi barua juu ya barua wakitaka wimbo wa theluji. Machi 1943 wimbo ukapewa tuzo ya sinema ya Oscar, na kwa bahati aliyepangiwa kufungua bahasha na kumtaja mshindi alikuwa Berlin mwenyewe. Alijitaja. Inakadiriwa kwamba sahani ya Crosby imeuzwa nakala milioni 50, na sahani ya kwanza ya kuchapia nyingine ilichakaa kwa kutumiwa hata mwaka 1947 ikabidi arekodi upya.

Mwaka 1954 ilitoka sinema yenye jina la wimbo, White Christmas, iliyoongozwa na Michael Curtiz, naye pia Myahudi, mzaliwa wa Hungaria. Askari wawili wa zamani wanakwenda jimbo la Vermont kutazama theluji, wanakuta hakuna. Ardhi kavu, na hoteli ya jemadari wao wa zamani inakaribia kufungwa kwa kukosa wageni. Watu wanakusanyika kumfariji mzee wao, na mwisho mlango mkubwa unafunguliwa, theluji inaanguka. Ndiyo iliyokuwa sinema iliyochuma fedha nyingi kuliko zote Marekani mwaka ule, na nyingi zilizofuata zimepita njia yake. Nayo theluji ile ilitengenezwa studioni Hollywood, katika nchi ya mitende. Ndivyo yalivyokuwa mazoea: sinema ya It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, yenye theluji tele, ilipigwa wakati wa joto, na theluji yake ilikuwa povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji.

Wako watakaosema huu ni udanganyifu. Mimi nasema shairi halishitakiwi hivyo. Aliyelizwa na theluji ya sabuni hakulilia sabuni. Tazama yaliyotokea Saigon, Vietnam, tarehe 29 Aprili, 1975. Wamarekani walikuwa wamekubaliana kwa siri kwamba siku ya kukimbia ikiwadia, redio yao itatangaza kuwa joto linapanda, kisha utapigwa wimbo wa Krismasi Nyeupe. Mwezi wa Aprili, katika mji wa joto kali, wimbo ukapigwa, na waliousikia walijua maana yake: nendeni zenu nyumbani. Sidhani iko tafsiri ya wimbo ule iliyo sahihi kuliko hiyo.

Ndipo ninaporudi kwa swali letu. Theluji ya sinema hizi ni jina jingine la nyumbani, na mwenye kuiona nyumba kwa uwazi zaidi ni yule aliyetoka. Berlin alitolewa kwao kwa moto, akampoteza baba, mke na mwana, na siku watu waliyofurahi kuliko zote kwake ilikuwa siku ya msiba. Akachukua sikukuu isiyokuwa ya dini yake, akaiwekea ndani yake mambo anayoyajua yeye: umbali, kumbukumbu, na dua ya kuwatakia wengine heri. Vijana wetu wanaofanya kazi Dubai na Jeddah, wanaosali Idi kisha wakarudi chumbani peke yao wakiwaza mkono wa mama na harufu ya viungo jikoni, hawahitaji kufundishwa wimbo huo unasema nini. Kupenda kilio cha mtu hakukutii katika dini yake.

Wala weupe wa theluji si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Neno lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na aliyesoma chuoni anaikumbuka dua ya kufungulia sala, ambamo tunamwomba Mola atuoshe makosa yetu kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Wangapi wetu wameigusa theluji? Na bado vizazi kwa vizazi tumeiomba katika pwani hii ya joto, kwani moyo hujua usafi na ubaridi wa kitu hata kabla mkono haujakifikia.

Uzeeni Berlin alijifungia nyumbani kwake New York, haonani na watu. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1983 waimbaji wachache walisimama nje ya dirisha lake katika baridi, wakamwimbia wimbo wake. Mzee wa miaka 95 akaagiza wafunguliwe mlango, wakaingia jikoni, akawashukuru. Alifariki tarehe 22 Septemba, 1989, akiwa na umri wa miaka 101, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn mjini humo, alikolazwa mkewe na mwanawe mchanga.

Basi Desemba ikija, ukimkuta mwanao ameduwaa mbele ya picha ya theluji, usiwe mwepesi wa kuzima televisheni. Kaa naye umsimulie kisa cha mtu huyu.