Lagrange na Jalada Lililo Wazi

Shuleni nilidhani hisabati ilikwisha zamani. Joseph-Louis Lagrange, aliyezaliwa Turin mwaka 1736 na kufariki Paris mwaka 1813, alinitoa ujinga huo. Akiwa Berlin alionyesha jinsi ya kuandika jawabu la mlinganyo kwa sehemu ndani ya sehemu. Kwa √2 hupatikana 1, kisha 2, 2, 2 daima. Lakini mlinganyo wa kipeo cha tatu, x³ − 2x − 5 = 0, hutoa 2, 10, 1, 1, 2, 1, 3, bila mpango unaoonekana. Kama namba hizo zina kikomo cha ukubwa, hadi leo hakuna ajuaye. Sisi wa serikalini hupenda kufunga majalada. Hili, vijana, lawangojeni ninyi.