Mwana wa Fundi Bati na Injini Isiyokunywa Maji

Wahenga walituachia neno kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nilikumbuka neno hilo juma lililopita huko Kariobangi, nilipomsindikiza kijana wa jirani yangu kwa fundi. Kijana huyo amerithi Volkswagen ya marehemu babake, ile yenye mgongo wa kobe, na alitaka itiwe pistoni na silinda kubwa zaidi pamoja na kabureta mbili ili ipate mbio. Mzee fundi alifungua nyuma, akachungulia, akatikisa kichwa. Mabati yanayoizunguka injini yaling'olewa zamani, wala hakuna ajuaye ni nani aliyeyatoa. Fundi alimwambia wazi kwamba kuiongezea nguvu injini hiyo kabla ya kurudisha mabati ni kuichimbia kaburi.

Ili tuielewe hukumu ile, msomaji wangu, yafaa tumjue aliyeasisi jambo lenyewe.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, huko Bohemia, ambako leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Babake, Anton, alikuwa fundi bati, naye alitaraji mwanawe airithi nyundo yake. Mwana alifua bati mchana, na usiku akasomea ufundi, kwani moyo wake ulikuwa umetekwa na umeme. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alihamia Vienna. Kufikia 1900, gari lake lililoendeshwa na mota za umeme zilizofungwa ndani ya magurudumu lilikuwa likitazamwa na walimwengu katika maonyesho ya Paris.

Baadaye alifanya kazi Austro-Daimler, kisha Daimler mjini Stuttgart, na mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe. Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilimpa kazi ya kubuni gari la bei nafuu. Franz Reimspiess, mmoja wa wahandisi wake, ndiye aliyechora injini yake: silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili huku, zikipozwa kwa upepo wa feni. Haikuwa na rejeta, wala maji ya kuganda kwenye baridi au kuchemka kwenye jua. Wazo hili halikuwa la Porsche peke yake. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra alikuwa amekwisha kulishughulikia.

Siwezi kuipamba habari hii nikaficha doa lake. Serikali ile ilikuwa ya Hitler, na Porsche alijiunga na chama chake mwaka 1937. Wakati wa vita alibuni magari ya jeshi na vifaru, na katika kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya gari lile maelfu ya watu walifanyishwa kazi kwa nguvu, wakiwamo wafungwa wa kambi za mateso. Ufundi wa mikono haumtakasi mtu. Baada ya vita Wafaransa walimfunga kwa muda wa miezi 20 hivi bila kumhukumu, hadi 1947. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951.

Alipokuwa kifungoni, mwanawe Ferry ndiye aliyeshika usukani. Mwaka 1948 Ferry alitoa gari la kwanza la michezo lenye jina la ukoo, Porsche 356. Injini yake ilikuwa ile ile ya Volkswagen, ya sentimita za ujazo 1,131, ila ilipandishwa kutoka nguvu za farasi 25 hadi 35. Kisha ikawa haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1964 ilikuja 911 ya silinda sita, lita 2 na farasi 130. Mwaka 1966 aina ya S ilifika 160. Carrera RS ya 1973, ya lita 2.7, ilitoa 210, na Turbo ya 1975, ya lita 3, ikatoa 260. Kila nguvu iliyoongezwa ilileta joto lake, na kila joto lilidai upepo zaidi na mafuta zaidi ya kulipoza. Hatimaye, mwaka 1998, injini ya lita 3.6 ikawa ya mwisho kupozwa kwa hewa.

Kwetu hapa, injini hizi zilipimwa na vumbi na matope. Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Aliyeshinda mwaka 1954 alikuwa Vic Preston, na mwaka 1978 mwanawe, Vic Preston Junior, alikuwa wa pili akiendesha Porsche 911. Baba aliendesha mama wa injini, mwana akaendesha binti yake.

Narudi Kariobangi. Fundi alimwonyesha kijana silinda ya tatu, iliyojificha nyuma ya kipozea mafuta. Hiyo ndiyo hufa kwanza upepo usipofika. Mabati yale si pambo, kwani kazi yake ni kuushika upepo wa feni na kuulazimisha upite kwenye mapezi ya silinda. Yakikosekana, upepo hutawanyika na injini hujipika yenyewe.

Kijana alinyamaza kitambo. Gari hilo ndilo urithi wake wote kutoka kwa babake. Kisha tulichukua vipimo, tukashuka Kamukunji, na pale katikati ya kelele za nyundo, mahali pafuliwapo masanduku na majiko, fundi bati mmoja akaanza kukata.

Injini imebaki ya 1,200. Jumapili kijana alinipakia, tukazunguka Jericho na Makadara polepole, na haikuchemka.