Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Rafiki wa Wakulima

Mwezi huu twawakumbusha habari za Mkristo mmoja wa Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa Hamm mwaka 1818. Macho yake yaliugua, akauacha uaskari, na mwaka 1845 akawekwa kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch.

Njaa ya 1846 na 1847 ilipoingia, aliwakusanya wenye mali, wakajenga tanuri, maskini wakapewa mikate kwa mkopo. Lakini aliona adui mwingine: wakopeshaji wenye riba kubwa, hata mkulima akanyang'anywa ng'ombe na shamba. Basi mwaka 1849, huko Flammersfeld, aliunda chama. Matajiri wakawa wadhamini, wakulima wakapata ng'ombe, wakalipa kidogo kidogo.

Hata hivyo matajiri walichoka, kwa maana wenyewe hawakuwa na haja ya mkopo. Raiffeisen hakupenda kuiacha njia ya hisani, walakini mwaka 1864, huko Heddesdorf, aliigeuza: mwenye kukopa sharti awe mwanachama, na wote wadhaminiane kwa mali yao yote. Jirani alimjua jirani, mvivu na mwenye bidii. Hivyo mkulima na fundi walikopeshwa kwa riba ndogo.

Macho yakazidi kufifia, binti yake Amalie akamwandikia. Alifariki mwaka 1888, na vyama vyake vimeenea nchi nyingi.

Nasi tujifunze: sadaka humshibisha mtu leo, bali kuaminiana humpa jembe la kesho. Je, katika sharika zetu, nani yu tayari kumdhamini jirani yake?