Kleene: Mwanamantiki aliyeanzisha fomula za kusaka ruwaza

MWEKA hazina wa chama mjini Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado, akitaka kutoa nambari zote za simu katika kumbukumbu za michango ya mwaka mzima, hana haja ya kuzisoma mstari kwa mstari. Huiandikia kompyuta fomula fupi: sifuri, kisha saba au moja, kisha tarakimu nane. Programu hupitia maandishi yote na kuleta kila nambari inayolingana na fomula hiyo. Akiisahau hiyo moja, wanachama wenye nambari za 01, zilizoanza kutolewa mwaka 2019, hukosekana katika orodha, na mashine haimwonyi.

Fomula hizo, ambazo wanaprogramu huziita regeksi, asili yake ni Stephen Cole Kleene, mwanamantiki wa Marekani ambaye hakuwa akitafuta nambari wala maneno.

Kleene alizaliwa Januari 5, 1909 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Babake alikuwa profesa wa uchumi na mamake mshairi. Alihitimu katika Chuo cha Amherst mwaka 1930, kisha akapata shahada ya uzamifu Princeton mwaka 1934 chini ya Alonzo Church, ambaye baadaye alimsimamia pia Alan Turing. Mwaka 1935 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wakati wa vita vikuu vya pili alihudumu katika jeshi la wanamaji, akiwafunza maafisa kuongoza meli, na mwaka 1946 akarejea Wisconsin.

Majira ya joto ya 1951 aliyatumia katika shirika la utafiti la RAND, California. Huko alichunguza kazi ya Warren McCulloch na Walter Pitts ya mwaka 1943, iliyoichukulia mishipa ya fahamu ya ubongo kama swichi ndogo zinazowaka na kuzimika. Kleene alitaka kujua ni matukio gani hasa ambayo mtandao wa swichi hizo unaweza kuyatambua.

Jibu lake lilihitaji mambo matatu tu: kuchagua hiki au kile, kufuatanisha hiki na kile, na kurudia. Kurudia alikuwekea alama ya nyota, ambayo hadi leo huitwa nyota ya Kleene. Alithibitisha kwamba kila fomula ya namna hiyo ina mashine yenye hali zenye kikomo inayoitambua, na kila mashine ya aina hiyo ina fomula yake. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1956.

Uthibitisho huo uliweka mpaka pia. Mabano yaliyofunguliwa ndani ya mabano mengine bila kikomo hayawezi kukaguliwa kwa fomula hizo, kwa kuwa mashine isiyo na kumbukumbu ya kutosha haiwezi kuhesabu ni mangapi hayajafungwa. Wengi wamepoteza siku nzima wakijaribu, pasipo kujua kwamba jambo hilo liliamuliwa zamani.

Aliyezipeleka fomula hizo katika utafutaji wa maandishi ni Ken Thompson, mwaka 1968. Katika programu yake ya kuhariri, herufi g iliagiza kwamba msako ufanywe katika mistari yote. Herufi hiyo ndiyo inayoanza jina la programu ya grep ya mwaka 1973, na katika lugha ya Perl huagiza msako usikome kwenye tokeo la kwanza.

Hata hivyo, neno kila lina masharti. Python ikiagizwa kuleta kila "ana" katika neno mananasi huleta moja, ilhali jicho linaona mbili. Sababu ni kwamba, ikishapata ya kwanza, huendelea kutoka pale ilipoishia, na herufi ya pamoja huwa imekwisha kutumika.

Kleene, ambaye alipenda kukwea milima, alistaafu mwaka 1979. Alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1990, akafariki mjini Madison Januari 25, 1994, akiwa na umri wa miaka 85.