Li Gao, Tabibu wa Wengu na Tumbo

Li Gao alizaliwa China mwaka 1180, nyumba ya mali. Mamake alifariki huku waganga hawaafikiani juu ya maradhi yake. Ndipo kijana akaitoa mali asome kwa bingwa Zhang Yuansu. Mwaka 1232 Wamongoli waliuzingira mji wa Kaifeng, na baada yake watu wengi mno wakafa. Waganga walidai ni baridi ya nje. Yeye akasema njaa na uchovu vimedhoofisha wengu na tumbo, nazo dawa zao ndizo zilizomalizia. Katika utabibu huo, wengu ukilegea, maji ya chakula hutuama yakawa rutuba. Rutuba ikiganda huwa belghamu. Alifariki mwaka 1251. Nami namheshimu kwa ujasiri huo.