Andrew Mynarski na Mlango Uliogoma

Hapa chuoni swali letu ni moja tu: umepata ngapi? Kwa kipimo hicho Andrew Mynarski alifeli, maana alichokwenda kufanya hakikufanikiwa. Ndiyo sababu nimeamua kumwandika.

Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, kwa wazazi waliohamia kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 16, ikabidi asaidie familia kwa kazi ya kukata ngozi za manyoya. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga, kisha akapelekwa Uingereza kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Mle ndani walikuwa watu saba. Mynarski alishika bunduki za mgongoni mwa ndege, na rafiki yake Pat Brophy alikaa peke yake mkiani, amefungiwa kwenye kibanda cha bunduki kinachozunguka.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944 walitumwa kupiga njia za reli huko Cambrai, Ufaransa. Ndege ya Wajerumani ikawawahi. Injini mbili za kushoto zikawaka, na rubani akaamuru wote waruke. Mynarski alishafika mlangoni na mwavuli wake. Akageuka, akamwona Brophy amekwama. Kibanda kilikuwa hakizunguki tena, kwa hiyo mlango wake haukufunguka.

Basi jamaa akarudi. Akatambaa katikati ya moto, akapiga kile kibanda kwa shoka, akavuta kwa mikono mitupu huku nguo zake zinaungua. Wapi! Brophy mwenyewe ndiye aliyempungia mkono aende zake. Mynarski akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akasimama wima na moto mwilini, akampigia saluti, akaruka. Hebu fikiria, saluti, saa ile!

Mwavuli wake nao ulikuwa unawaka. Wanakijiji wa Kifaransa walimwokota akiwa hai, lakini majeraha ya moto yakamuua. Alikuwa na miaka 27.

Brophy je? Ndege ilianguka naye ndani, kishindo kikavunja kibanda na kumtupa nje, akiwa mzima. Wenzao watano nao walipona. Kati ya saba, aliyekufa ni yule mmoja aliyerudi nyuma.

Wapo watakaosema alikufa bure, kwani Brophy angepona tu. Sikubaliani nao. Pale kwenye moto nani alijua? Tena kile kitendo hakikuwa na shahidi mwingine. Kama Brophy angekufa, leo tusingekuwa na habari yoyote. Alifichwa na Wafaransa, akarudi Uingereza, na huko ndiko alikojua kwamba rafiki yake hayupo. Akasimulia. Mwaka 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa.

Amezikwa Méharicourt, Ufaransa. Na huko Hamilton, Kanada, kuna Lancaster moja iliyopewa jina lake na kupakwa herufi za ndege yao ile.