Kimathi na Bastola Moja Kiunoni

Hebu nikuulize. Uko hapa Gatitu, unapanda matatu hadi Nyeri mjini, unaingia kortini ukiwa na mfuko wa bastola kiunoni. Mfuko mtupu. Hakuna bastola, hakuna risasi. Unadhani soja wa mlangoni atakuachilia upite? Thubutu! Utawekwa kando, upapaswe hadi soksi. Utajitetea kwamba ngozi tupu haiui mtu, na ni kweli. Lakini soja hajali ngozi. Anawaza kitu kilichotoka humo kiko wapi.

Basi nikuambie habari ya jirani yetu aliyenyongwa kwa sababu mfuko wake haukuwa mtupu.

Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka wa 1920. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu, ambako alisifika kwa Kiingereza na midahalo. Hakumaliza. Mimi pia chuo kilinishinda njiani, kwa hivyo hapo namwelewa. Alijaribu jeshi, halikumkalia. Akafundisha, akafanya vibarua, halafu akawa katibu wa chama cha KAU upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, ambayo leo unaiita Nyahururu.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kimathi akaingia msitu wa Nyandarua. Huko hakupigana tu. Alikuwa mtu wa karatasi: aliandika barua, akaweka rekodi, akataka vikosi viwe na vyeo na utaratibu. Mwaka wa 1954 wapiganaji waliunda Bunge la Kenya humo humo msituni, naye akawa Waziri Mkuu wake. Si wote waliompenda. Wengine walimwona mkali kupita kiasi, na mpasuko huo uliwaumiza.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, karibu miaka minne kamili baadaye, alitoka msituni akiwa peke yake, amevaa ngozi ya chui. Ndirangu Mau, askari wa akiba na mtu wa huku huku kwetu, akampiga risasi mguuni. Kiunoni mwa Kimathi kulikuwa na bastola aina ya Webley Scott, na risasi sita.

Sasa shika hapa, maana wengi hukosea. Hakushtakiwa kwa mauaji. Hakushtakiwa kwa kiapo wala kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola hiyo na risasi hizo bila kibali. Chini ya sheria za hali ya hatari, hilo peke yake lilitosha kukupeleka kwenye kitanzi. Huhitaji kuthibitisha kwamba mtu ameua nani, lini, wapi. Unaweka bastola mezani, kesi inatembea.

Kesi ilisikizwa hapa Nyeri mwezi wa Novemba, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha, kwa kuwa serikali ilikuwa imewaahidi wapiganaji usalama wakitoka msituni. Hawakumwamini. Washauri wote watatu walimwona ana hatia, na jaji akakubaliana nao. Rufaa zikagonga mwamba, hadi ile iliyopelekwa London.

Hebu picha hiyo iingie kichwani. Mtu amefikishwa kortini amejeruhiwa, kiuno kitupu, pingu mikononi. Bastola yake nayo iko humo ndani kama kidhibiti. Kati ya hao wawili, bastola ndiyo iliyosikizwa.

Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akiwa na miaka 36. Katika hali hiyo ya hatari walinyongwa watu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa makosa ambayo hayakuwa mauaji.

Sanamu yake Nairobi ilizinduliwa tarehe hiyo hiyo, mwaka wa 2007, nayo imeshika bunduki. Unaipita kila siku ukikimbilia kazi. Lakini mwili wake haujawahi kurudishwa. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa hiyo miaka nenda miaka rudi, hadi akafariki Mei 2023 bila kuizika.

Serikali mbili, ya mkoloni na yetu. Ya kwanza ilitunza rekodi ya risasi zake zote sita. Ya pili haijamwonyesha mtoto wake kaburi. Ukipita korti ya Nyeri na soja akikupapasa, mkumbuke.